Miezi mitatu niliyoijaza mwenyewe

Nimefanya kazi miaka 26 kwenye utafiti wa bahari, kazi ya serikali, ofisi sitaitaja manake nnayotaka kusema ni yangu mie na makosa mengine ni ya mkono wangu. Katika miaka yote hio kuna miezi mitatu tu inayonirudia usiku. Julai, Agosti na Septemba ya mwaka 2009. Ukifungua yale majedwali utaona samaki walipimwa, kilo zipo, wavuvi wamehesabiwa, kila kitu kimekaa sawa. Hakuna aliyepima. Nilikaa mezani na kompyuta nkaandika.

Wacha nianze nyuma kidogo ndio ieleweke.

Mie ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, babangu alikuwa mvuvi, nimekulia kwenye harufu ya papa mkavu na kamba za kutengenezea malema, ile mitego ya samaki. Nilipoajiriwa 1996 kama fundi wa maabara nyumbani walishangaa, mamangu aliniuliza kwani samaki wanapimwa nini, si wanaliwa tu. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, yeye alianzia Unguja enzi zile utafiti wa bahari na maziwa wa Kenya, Tanzania na Uganda ulikuwa wa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, upande wa bahari makao yalikuwa Unguja na upande wa maji baridi Jinja. Jumuiya ikavunjika 1977 kila nchi ikashika njia yake, na hapa kwetu 1979 zikaundwa taasisi za utafiti kwa sheria. Mzee akarudi na mkoba wake. Alikuwa na mambo mawili hayabadiliki. La kwanza penseli, hataki kuona kalamu ya wino kwenye daftari ya baharini, manake wino ukiingia maji ya chumvi umekwisha. La pili ni hili, na nalikumbuka neno kwa neno: "Binti yangu, sifuri na pengo si ndugu. Ukenda ukakosa, andika sifuri. Usipokwenda, andika hukwenda."

Nilimjibu haya mzee. Nilikuwa sijaelewa. Nilidhani ni ukali wa wazee tu.

Lakini fikiria. Mvuvi ametoka alfajiri amerudi mikono mitupu, hio ni habari kubwa, inakwambia kitu kuhusu bahari siku ile. Mtu wa kupima hakuja kwa sababu gari halina mafuta, hio haikwambii chochote kuhusu bahari, inakwambia kuhusu ofisi. Ukizichanganya hizo mbili umeharibu hesabu ya mwaka mzima na hakuna atakayejua, kwa sababu namba haina sura, haikunji uso ukiisema uongo.

Nilikuja kuona thamani ya maneno ya mzee 1998, mwaka ule maji yalipopata moto na matumbawe yakapauka bahari ya Hindi nzima upande huu wa magharibi. Nilishuka majini nkaona mawe meupe kama mifupa, nililia ndani ya miwani ya kuzamia na si jambo la aibu kulisema. Sasa watu wa Nairobi wakaanza kuuliza, yamekufa kiasi gani? Swali hilo lingekosa jibu kabisa kama hakungekuwa na watu waliopima miaka ya nyuma wakaandika kwa penseli zao. Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968, ya Mombasa tangu 1986, na kuna wanasayansi walikuwa wakirudi pale pale kila mwaka kuhesabu matumbawe na samaki. Bila wao tungebaki kusema "mengi" na "sana". Nilianza kuelewa kwamba taasisi ya utafiti ni kumbukumbu ya watu wote, na aliyepewa kuiongoza amepewa amana.

Sasa nieleze kalenda, manake watu wengi hawajui shida hii na ndio chanzo cha yote.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Bahari yetu nayo ina mwaka wake. Upepo wa kaskazi unaingia kuanzia Novemba, Disemba mpaka Machi, bahari inatulia, madau yanatoka mbali, samaki wanateremka kwa wingi. Upepo wa kusi unaingia Aprili, na Juni mpaka Agosti ndio mkali kabisa, mawimbi, mvua za mwanzo, vyombo vidogo vinabaki ndani ya mwamba au kwenye mikono ya bahari kama Tudor na Mtwapa. Basi pesa za mwaka mpya zinaanza kuhesabiwa katikati ya kusi. Zinaanza kuhesabiwa nimesema, kufika ni jambo lengine. Hazina haikupi siku ya kwanza, itafika Agosti, ikichelewa Septemba, pengine Oktoba, halafu watu wa manunuzi waanze tenda, makaratasi yazunguke, ukija kupata mafuta ya boti na dawa za maabara ni Februari, kaskazi inakwisha. Ikifika Mei kila mtu anakimbizana kumaliza bajeti kabla ya 30 Juni manake isiyotumika inarudi, mnanunua vitu kwa pupa, Mei na Juni bahari imechafuka na mmejaza stoo chupa za sampuli. Nimeona hivo mwaka baada ya mwaka. Na wakurugenzi wazuri, watu wasomi, wakaishi nayo kama vile ni amri ya Mungu.

2009 ilikuwa hivo hivo. Julai gari halina mafuta. Vijana wetu wa kupima kwenye bandari za samaki, hawa ni watoto wa vijijini tunaowalipa kwa siku, walikuwa wanadai miezi miwili, wakasema hatwendi tena, na walikuwa na haki. Mie wakati huo nimepandishwa, nasimamia kitengo cha takwimu. Nkaandika memo. Nkaandika ya pili. Agosti ikapita. Septemba ikapita. Oktoba pesa zikaja tukaanza upya.

Ilipofika wakati wa ripoti nkapigiwa simu kutoka juu. Wakati ule kandarasi za utendakazi zilikuwa zimeshika moto serikalini, kila shirika limetia saini malengo yake, na letu moja lilisema bandari kadhaa zitapimwa miezi 12 kwa mwaka. Sauti kwenye simu ilisema, kwa upole kabisa, "Naona jedwali lako lina mapengo." Basi. Hakuna aliyeniambia danganya. Nisingependa mtu adhani nililazimishwa, neno lile lilikuwa ni hilo tu, lina mapengo, na mie nkajua linataka nini kama vile mtoto anavojua jicho la babake mbele ya wageni.

Nkachukua Juni, nkachukua Oktoba, nkatafuta kati na kati, nkaigawa miezi mitatu ile. Kila bandari. Kila samaki, tafi, pono, changu, pweza. Ilichukua mchana mmoja. Jioni nkapita Marikiti nkanunua ndizi nkaenda nyumbani, watoto wakala, nkalala. Ndio ilivokuwa, hakukuwa na radi.

Lengo likafikiwa asilimia mia.

Kilichofanya jambo lile lizikwe ni mambo mawili ya uongozi wa pale, na haya ndio nataka wanaoingia kazini sasa wayatazame vizuri. La kwanza ni projekti. Serikali ilikuwa ikilipa mishahara na umeme, lakini pesa za kushuka baharini hasa zilikuwa za wafadhili. Mwanasayansi akipata projekti anakuja na gari lake, laptopu zake, freza yake, vijana wake. Mtu kama huyo anakuwa mfalme wa kijiji chake ndani ya ofisi. Mkurugenzi hawezi kumuuliza kitu manake yeye ndiye anayefanya taasisi ionekane inafanya kazi. Na data inakaa kwenye laptopu yake. Sisemi walikuwa watu wabaya, wengine walinifunza mengi na walifanya kazi usiku na mchana, lakini nimemshuhudia mmoja akistaafu, tukamfanyia sherehe nzuri, biriani, hotuba, akapewa saa ya ukutani, wiki ya pili nkaulizia data ya miaka tisa ya nyasi za bahari, nkaambiwa iko kwenye hadi diski yake. Hadi diski ilikuwa imeanguka. Miaka tisa. Petroli ya umma na ya wafadhili, vijana waliochomwa na jua, yote kwenye kijisanduku cha kutia mfukoni na hakuna nakala.

La pili ni ukaimu. Kulikuwa na kipindi mkurugenzi alikuwa kaimu, manaibu makaimu, mkuu wa fedha kaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 imeweka kwamba mtu asikaimu zaidi ya miezi sita, na nadhani aliyeiandika aliwahi kufanya kazi chini ya kaimu. Kaimu hatii saini kitu kigumu. Hamfukuzi mtu, hamuungi mtu mkono, anangoja. Ukimpelekea tatizo anasema tuliache kwanza. Sikulaumu kila kaimu, ukiwekwa hapo bila kujua kesho yako hata wewe utangoja. Lakini bahari haingoji barua ya uteuzi.

Halafu akaja mkurugenzi ambaye kwake nlijifunza kazi upya, nami nishapita miaka 45.

Mwezi wa kwanza hakuitisha mkutano mkubwa. Alinipigia jioni akasema kesho saa kumi na moja alfajiri unipeleke Mji wa Kale samaki wanapoteremshwa. Nkadhani atakuja na gari na mlinzi. Alikuja na tuktuk amevaa kandambili. Akakaa kwenye gogo na wazee, akanywa kahawa chungu, akatazama mizani, hakusema lolote nusu saa nzima. Mwisho akauliza, "Wazee wangu, hawa watu wetu wakishapima, nyinyi mwapata nini?" Kukawa kimya. Mzee mmoja, alikuwa akimjua babangu, akasema bila hasira yoyote: "Mwaja, mwapima, mwaandika, mwaenda zenu. Mwaka mwengine waja wengine, wauliza yale yale."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nimepita pale miaka 17 nasalimia, naulizia watoto wao, sijawahi kuwarudishia hata karatasi moja.

Mkurugenzi hakujitetea. Alisema, "Ni kweli mzee." Tukarudi kwa miguu mpaka barabarani na njiani akaniuliza itachukua nini kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kila msimu, tuubandike pale kwenye mbao. Nkasema hakuna, karatasi tu. Akauliza basi mbona haujawahi kuandikwa? Nkakosa jibu, na mpaka leo sina jibu zuri, nadhani hakuna aliyeuliza na malengo yetu hayakuwa na mstari wa hivo.

Tukaandika. Ule wa kwanza wazee walitukosoa vibaya sana na ilikuwa faida kubwa. Fomu yetu miaka yote ilikuwa na "changu" tu, jina moja. Mzee akacheka akasema changu yupi, changu doa ni wengine, wanakaa kwengine, wanavuliwa kwengine. Hapo ndipo wakaanza kuleta habari wenyewe, fulani amepata papa wa namna hii, maji ya mahali fulani yamebadilika rangi. Kabla ya hapo walikuwa wakitujibu ili tuondoke.

Karibu na wakati huo nilienda Gazi, Kwale, nkaona Mikoko Pamoja. Wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walikuwa wakifanya utafiti wa mikoko pale miaka mingi, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaingia nao wakaanza kulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, tangu 2013, pesa zinarudi kwenye maji ya kijiji na skuli. 2017 wakapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kilichonigusa si tuzo. Nilimkuta mama mmoja wa pale akinieleza urefu wa shina la mkoko na kiasi cha kaboni inayokaa kwenye tope vizuri kuliko vijana wengi niliowafunza maabara. Alikuwa akizungumza kama mwenye mali.

Sasa turudi kwa ile miezi mitatu.

Alikuja mwanafunzi, kijana wa chuo kikuu, anaandika tasnifu ya uvuvi wa tafi msimu wa kusi. Tukampa data. Baada ya wiki mbili akaja mezani kwangu na karatasi ina mchoro, ana heshima sana, akaniita mama. "Mama, kuna kitu sielewi. Kila mwaka mstari unapanda na kushuka, 2009 hapa miezi mitatu umenyooka kama rula. Samaki walikuwaje mwaka huo?"

Nkasema ntatazama. Akaondoka. Nkafunga mlango.

Nilikuwa na njia za kutoka. Ningeweza kusema ni makosa ya mashine. Ningeweza kusema tulikuwa na uhaba wa vijana. Na ile data ilikuwa imeshatumika, ipo ndani ya ripoti mbili za ofisi, na aliyenipigia simu alishastaafu zamani. Nilikaa siku tatu. Siku ya nne nkaenda ofisi ya mkurugenzi nkasimama, sikukaa, nkasema nilizijaza mimi.

Nimefanya kazi na wakurugenzi watano. Najua wanne wangefanya nini. Wawili wangeniandikia barua ya kujieleza, mmoja angepiga kelele korido nzima isikie, mmoja angesema tuliache kwanza. Huyu alinyamaza kidogo, akaniambia nikae, akamimina maji. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bandari ngapi, na samaki gani?" La pili, "Daftari za asili za Juni na Oktoba zipo?" Zilikuwepo, za penseli, Mungu amrehemu yule mzee. La tatu ndio nililoogopa, nani alikwambia. Nkasema hakuna, niliambiwa jedwali lina mapengo. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Basi kosa lako tutaliandika, na hilo la mapengo tutaliandika pia."

Na tukaliandika kweli. Barua moja ilienda kwa kila tuliyejua ametumia data ile, ikisema miezi hii mitatu haikupimwa, msiitumie. Jina langu limo. Nilipewa onyo kwenye faili na nilistahili. Yule kijana alibadilisha sura moja ya tasnifu yake, alikuja kunishukuru, nkashindwa kumtazama. Zile namba hazikufutwa, mkurugenzi alikataa zifutwe, zilipakwa rangi ya manjano kwenye jedwali na pembeni pakaandikwa namna zilivopatikana. Alisema tukizifuta miaka kumi ijayo mwengine atazijaza tena.

Halafu akafanya kitu ambacho sikutegemea, alilipeleka kwenye bodi. Nkaitwa mbele ya kamati.

Bodi nimeziona za aina nyingi. Nimeona bodi iliyokuja kukagua viti na rangi ya geti. Nimeona wajumbe wanaouliza tenda ni ya nani kabla ya kuuliza ni ya nini. Ule mwongozo wa utawala wa mashirika ya umma uliotoka 2015, wenyewe unaitwa Mwongozo, unasema bodi iwe na watu kati ya saba na tisa, isiingilie kazi za kila siku, iangalie mwelekeo na hatari. Maneno mazuri. Kwenye karatasi hatari zinazoandikwa ni moto, wizi, kesi za kortini. Sijawahi kuona bodi imeandika "namba zetu huenda si za kweli" kama hatari, na kwa taasisi ya utafiti hio ndio ya kwanza kabisa, manake hatuuzi kitu chengine. Oditi inakuja inatazama vocha za mafuta kama zimetiwa saini. Hakuna oditi inayouliza kama kuna mtu alishuka kwenye maji.

Siku hio mjumbe mmoja, mama wa makamo, mhasibu, akaniuliza swali jepesi. "Kwa nini hamkwenda Julai?" Si kwa nini ulijaza. Kwa nini hamkwenda. Nkaeleza kalenda, kusi, Hazina, tenda, kaskazi inayopita mkono wetu mtupu. Nilizungumza dakika ishirini, sijawahi kuzungumza hivo ofisini. Walikuwa hawajui. Watu wanaopitisha bajeti yetu kila mwaka walikuwa hawajui kwamba bahari ina mwaka wake.

Yule mama akageukia watu wa manunuzi akauliza sheria inaruhusu nini. Kumbe sheria ya manunuzi ya 2015 inaruhusu mkafanya mkataba na muuzaji wa muda mrefu, bei imekubaliwa, mnachukua kidogo kidogo mnapohitaji. Mafuta na dawa za maabara zikawekwa hivo. Mipango ya manunuzi ikaanza kuandikwa Machi badala ya Agosti. Ada ndogo tunazokusanya wenyewe zikatengwa kwa ajili ya vijana wa kupima miezi ya kusi, wao walipwe kwanza kabla ya posho ya mtu yeyote wa ofisini kusafiri. Hili la mwisho lilileta manung'uniko makubwa na mkurugenzi alipoteza marafiki. Data zote zikaingia mahali pamoja, nakala mbili, na mwanasayansi akitaka kusajili projekti anatia saini kwamba data ni ya umma hata kama gari ni la mfadhili. Wafalme wawili watatu waligoma. Mmoja aliondoka na projekti yake, hilo nalo lilituuma, tulikosa boti karibu mwaka.

Na lengo likabadilishwa maneno. Badala ya bandari zitapimwa miezi 12, ikawa miezi isiyopimwa itaripotiwa pamoja na sababu. Nadhani ndio sentensi bora iliyowahi kuandikwa kwenye kandarasi ile. Alama zetu zilishuka mwaka ule wa kwanza, na mkurugenzi akaenda Nairobi kueleza.

Jambo ambalo halikufanyika ni mvuvi kuingia kwenye bodi. Nilipendekeza. Kanuni za 2007 ziliwapa wavuvi vikundi vyao vya kusimamia fuo, BMU, wana viongozi waliopigiwa kura, kuna kina mama wanaouza samaki humo ndani, watu wanaojua. Niliambiwa uteuzi unatoka juu na kuna sifa za masomo. Bado naona ni kosa. Bodi ya maji ya chumvi haina hata mtu mmoja aliyewahi kulala njaa kwa sababu ya kusi.

Huyo mkurugenzi muda wake ulikwisha akaondoka, sherehe ilikuwa ndogo, mahamri na chai. Aliyekuja baada yake ni mtu mzuri pia, mgumu zaidi kufikika. Mambo mengine yamebaki, mengine yanalegea, ile karatasi ya mbao nasikia sasa inatoka mara moja kwa mwaka.

Mie nimestaafu 2022. Alfajiri nyengine nashuka pale pale samaki wanapoteremshwa, nanunua wangu wa mchana, nakaa kwenye gogo. Kuna binti anapima sasa, ana miaka kama 23, hanijui sana. Agosti iliyopita upepo ulikuwa mkali, vyombo vitatu tu vilitoka. Nkaomba nione daftari yake, akanipa kwa wasiwasi kidogo. Ilikuwa ya penseli. Jumatatu ameandika sifuri, vyombo viwili. Jumanne ameandika kilo nne, pweza. Jumatano amepiga mstari, pembeni kwa herufi ndogo: sikuja, sikupata nauli.

Nkamrudishia. Nkamuuliza kama ameshakula.